Pale Anapokohoa

Chumba cha mazoezi kiko juu ya duka la vipuri,
Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani.
Ukipanda ngazi unanusa grisi, kisha kahawa,
kisha jasho la Chambega, aliyewahi kufika na ngoma zake.

Karatasi anayo Rukia Semboja wa kinanda.
Ameandika nota hadi mstari wa nane,
halafu kaacha weupe,
weupe mtupu, kama ukuta uliopakwa chokaa jana.
Juu yake neno moja, kalamu nyekundu: WEWE.

Mimi na weupe hatupatani.
Tarumbeta langu nililipata mnadani,
mali ya bendi ya shamba la mkonge lililokufa;
kidude cha kati hukwama kukiwa na unyevu,
na Tanga, niambieni, lini haina unyevu?
Skeli nimejifunza kwenye simu, usiku,
nikazimeza kama akaririye asichokielewa.
Nikifika kwenye weupe zinatoka zote pamoja:
watoto wa shule, kengele imelia.

"Tena," anasema Rukia.
Tena.
Mara ya sita Chambega anaweka vijiti chini,
anamenya muhogo.

Shangazi Mejumaa hakuwa mtu wa hekima.
Alidaiwa na wauza khanga watatu,
ugoro haukumtoka mdomoni,
na matusi yake ya Kidigo
hata leo sithubutu kuyaandika.
Ila sengenya ikipigwa Moa, upatu ulikuwa wake.
Si upatu wa shaba; huo aliuweka rehani mwaka wa njaa,
haukurudi.
Alipiga rimu ya lori, kailaza juu ya kata ya magunia,
na rimu ile ilisema kweli kuliko shaba.
Kazi yangu, miaka saba: kukaa upande wa pili,
nipige kimoja tu, tin,
mahali pamoja, usiku kucha.
Nikitia madoido yangu, fimbo yake inanitua kifundoni:

  Mwanangu usikimbie,
  ngoma bado, utulie,
  fimbo yako isalie
  mahali inapokaa.

Na kifua chake kibovu.
Kila mzunguko, pigo la tatu likishapita, anakohoa.
Upatu unakosa pigo moja.
Mpiga zumari akajifunza kuvuta pumzi pale.
Wachezaji wakajifunza kuinama pale,
mabega yote chini kwa pamoja,
na wageni wa Duga wakasema: Hawa wa Moa wana mtindo!
Wakaenda nao kwao.
Nasikia mpaka leo wanainama.
Hawajui ni kifua cha nani.

Mara ya saba.
Weupe ukafika, sikutafuta kitu.
Nikapiga moja. Nikakaa nayo.
Moja tena, pale pale.
Ya tatu,
kisha nikafunga mdomo.

Chambega, Mzigua wa Handeni, akadhani ni selo.
Akajibu kwa miguu ya kwao,
akaingia kwenye shimo langu, akachungulia,
akatoka, akaliacha wazi.
Rukia akauondoa mkono wa kushoto.
Chini dukani mtu aliyekuwa akigonga beringi
akagonga nasi, bila habari.

Msiseme nilipiga sengenya.
Sengenya ina wenyewe, na Moa iko mbali.
Tarumbeta lilipanda, likapinda,
likasema mambo ambayo shangazi angeyatukana,
lakini lilijua pa kusubiri.

Wiki iliyofuata, Chuda, chumba cha kurekodia.
Kijana anatazama vilima vya sauti kwenye kioo,
anaweka kidole.
"Kaka, hapa pana pengo. Linajirudia. Nizibe?"

Kidude cha kati kimekwama tena.
Nakilainisha kwa mate.
"Acha," namwambia. "Hapo kuna mtu."